Kopo la Herufi na Kopo la Sura

Kamembe, Alhamisi. Mvua ilianza kabla ya adhana ya alfajiri, na hata sasa, magharibi imeshapita, bado inadondoka kidogo kidogo kwenye mabati. Ng'ambo kule Bukavu haionekani. Ni ukungu tu juu ya ziwa, na taa mbili tatu.

Leo sijielewi.

Niseme ukweli kabla sijaanza kujipamba. Kwa wiki tatu nimekuwa nikimlisha baba yangu kutoka kwenye kopo lisilo lake. Nilidhani hajui. Nilidhani mimi mjanja. Sasa nimekaa hapa barazani na brashi zangu zimeshaoshwa, na sijui kama nina hasira naye, au naona haya, au nataka kucheka. Labda yote matatu.

Acha nieleze habari ya makopo, maana hata mimi mwenyewe nikisoma haya mwakani nitajiuliza nilikuwa nazungumza nini.

Papa ni fundi wa maandishi. Kamembe nzima inamjua kwa jina la Mzee Sefu wa Herufi. Majina ya maduka, mabango ya vinyozi, milango ya malori yanayoteremka Muganza kuchukua saruji, mitumbwi inayovua dagaa wa sambaza kule ziwani, yote yalipita mkononi mwake. Herufi zake zina visigino. Ukiitazama L ya Papa utasema imevaa kiatu cha Idi. Mkono huo nimeurithi mimi, kwa sababu kaka zangu wawili walikimbilia biashara ya nguo na hakuna aliyewalaumu.

Sura za watu Papa hakuchora hata siku moja. Dini, kwa jinsi anavyoielewa yeye, haimpi ruhusa ya kuchora chenye roho. Lakini kinyozi anataka kichwa kwenye bango lake, na kinyozi ni mteja kama wateja wengine. Basi Papa akatafuta njia yake: akawa anachora vichwa kwa nyuma. Mtindo wa nywele, shingo, masikio mawili, kwisha. Mabango hayo bado yapo matatu au manne, ukipanda kutoka gare, kituo cha mabasi, kwenda sokoni. Watu wa Bukavu wakivuka walikuwa wanamtania, Mzee, mbona Kamembe yote inatupa kisogo? Naye anajibu bila kugeuka, "Kinyozi anauza nywele. Hauzi pua."

Mimi sura nilianza miaka minane iliyopita, nilipokuwa nimerudi nyumbani na begi moja baada ya ndoa yangu kuvunjika. Mjane mmoja alishuka kutoka Mibirizi na picha ndogo ya kitambulisho ya marehemu mumewe, akaomba nimkuzie ubaoni. Nikamkuzia. Alipoiona, yule mama alikaa chini pale pale kwenye udongo na kanga yake safi. Na mimi, shajara, nisikufiche, siku hiyo nilijua kazi yangu ni nini. Herufi nilifundishwa. Sura zilikuwa zinanisubiri.

 Siku ya tatu Papa akaja na makopo mawili ya maziwa ya unga, matupu, ameyaosha na kuyakausha juani. Ameyaandika kwa mkono wake, rangi nyeupe, visigino na vyote: moja HERUFI, jingine SURA. Akayapanga juu ya kabati. Maneno yake nayakumbuka kama yalivyo. "Hadija, mimi si mufti. Mbele ya Mungu wewe utajibu yako. Lakini tumbo langu nitalijibia mwenyewe. Tutakula pesa ya herufi. Ya sura nunulia visivyoliwa."

Wengine baba zao wangewafukuza. Wangu alinipa kopo.

Tukaishi hivyo, na si kwamba ilikuwa rahisi. Sabuni haikuwa na shida, godoro pia. Mabati haya yanayolia juu ya kichwa changu sasa hivi ni sura za maharusi watatu na mzee mmoja aliyestaafu. Makaa ndiyo yaliyotutesa. Makaa hayaliwi, lakini yanapika kinacholiwa. Papa aliyatafakari wiki nzima, akayaruhusu. Dawa ya kikohozi, kwa kuwa inamezwa, herufi. Dawa ya kuchua magoti, sura. Miwani yake, sura. Siku nilipomletea nikamchokoza, Papa, utasoma Kurani kwa miwani ya sura? Akaishusha mpaka ncha ya pua, akanitazama juu yake. "Nitaivaa. Sitaila."

Halafu zikaja mashine za kuchapa mabango. Kwanza moja pale karibu na gare, kisha mbili nyingine. Unaingia na simu yako mkononi, unatoka na bango la plastiki lenye herufi kubwa na picha ya kuku wa kuchoma aliyepigwa picha sijui nchi gani. Malori yanakuja na majina yameshabandikwa. Hakuna aliyetukosea. Mimi mwenyewe ningekuwa na duka ningekwenda huko huko.

Ila sura, hasa za marehemu, watu bado wanazileta kwangu. Mashine ikikuza kapicha ka kadi ya uchaguzi inatoa madoa tu. Mimi natoa mtu. Basi kopo la SURA likazidi kuwa zito na la HERUFI likazidi kuwa jepesi, mpaka Alhamisi moja, wiki tatu zilizopita, nikalitikisa na halikusema kitu.

Nakumbuka kila nilichofanya. Papa alikuwa amekwenda kuswali alasiri. Unga umekwisha, mafuta yamekwisha, chumvi iko chini kabisa ya mfuko. Nikasimama mbele ya kabati nikajiambia nakopa. Kukopa si kuiba. Nikipata bango moja tu nitarudisha. Nikafungua SURA, nikateremka sokoni, nikarudi na mchele, maharage na sambaza. Nikapika vizuri sana, kwa sababu mwenye kosa hupika vizuri.

Na nilipomwekea sahani nikasema, bila mtu kuniuliza, "Leo nimepata kinyozi kule chini, alitaka jina lake mlangoni."

Kinyozi gani? Hakuna kinyozi. Nilimtunga.

Papa akauliza, "Mlango wa rangi gani?" Nikasema wa bluu. "Na herufi?" Nikasema nyeupe. Akasema sawa, akala. Mimi nikaenda jikoni nikakaa juu ya kibao cha kukunia nazi nikajisikia vibaya kwa muda wa dakika kumi hivi. Kisha nikazoea. Hilo ndilo linaloniogopesha nikilifikiria sasa, jinsi nilivyozoea upesi.

Papa hufunga Jumatatu na Alhamisi, ni sunna yake tangu mama yangu afariki. Wiki iliyofuata alifunga na Jumanne. Kisha Jumatano. Nikasema uzee umemleta karibu na Mola wake. Nilijivuna hata kwa jirani, nikamwambia Papa yangu siku hizi ni saumu tu. Jioni akifuturu anachukua maji, ndizi za mgomba wetu, amateke, yale magimbi ya bustanini, parachichi la mti wetu, na mboga ya majani ninayoichuma nyuma ya nyumba. Wali anausukuma pembeni ya sahani. Maharage anayagusa tu kwa kijiko. Anasema tumbo halitaki. Nami nikajisemea wazee ndivyo walivyo, hamu ya chakula inaondoka.

Kila alichokula kilikuwa cha bustani yetu. Hakuna hata kimoja kilichotoka sokoni. Mimi ninayelipwa kutazama watu sikuliona hilo wiki zote hizo.

Sasa leo.

Asubuhi nilikuwa hapa barazani na sura ya Papa Nsimire. Huyo ni marehemu, mtu wa Bukavu. Mke wake, Maman Nsimire, anavuka mpaka kila asubuhi kuja kununua nyanya zetu na kuzirudisha kwao, na amenipa kazi ya kumchora mumewe kwa ajili ya Jumapili, siku watakayomaliza matanga na yeye kuvua nguo nyeusi. Kesho anakuja kuichukua. Mimi macho huyaweka mwisho, ndiyo desturi yangu. Suti nimemaliza, mashavu nimemaliza, hata kovu dogo la kidevu. Macho yamenishinda.

Picha aliyoniletea ina mwanga wa kamera umelamba macho yote mawili. Nilimwomba anieleze. Akafikiri kidogo, mikono juu ya beseni la nyanya, akasema, "Bwana yangu alikuwa na macho ya muntu anataka kucheka mu kanisa." Basi. Nimejaribu mara nne. Mara zote nimefuta kwa kitambaa na mafuta ya taa. Anatoka analia, au anatoka amelewa.

Nilikuwa nafuta mara ya nne ndipo alipoingia Damasi, mmoja wa wenye moto, hizi pikipiki za abiria, amelowa kuanzia kofia mpaka viatu. Mkononi ana bavette, kile kipande cha mpira kinachoning'inia nyuma ya gurudumu kuzuia matope. Anataka maandishi. Nikashangaa. Tangu lini wenye moto wanapanda mpaka kwangu na mvua hii?

"Mzee ndiye alinituma," akasema. "Alikuya pale gare Jumanne, na jana tena. Anauliza bamotari bote, nani anataka maandishi, binti yangu iko na mukono muzuri kunishinda. Tulimupa chai akakataa, anasema amefunga."

Nikamwambia asante. Nilidhani yameishia hapo. Damasi akacheka akijikamua shati.

"Na anatafuta kinyozi ya mulango ya bluu. Iko wiki tatu anatafuta. Tulimwambia, Mzee, huku chini hakuna kinyozi kama ile. Anasema, nitaendelea kuangalia."

Nikauchukua ule mpira mkononi mwake.

Wiki tatu. Mzee wa miaka sabini na mitano, na magoti yale, anazunguka Kamembe anatafuta mlango niliouchora kwa mdomo.

Nilipoanza kuchora mistari ya chaki kwenye ule mpira ndipo nilipoelewa kosa langu lilikuwa wapi. Nilidhani siri iko ndani ya makopo, nani ameona mkono wangu umeingia lipi. Lakini Papa hahitaji kufungua kopo. Papa anasoma mji. Anajua kila herufi ya Kamembe imetoka mkono gani na imeandikwa lini. Akienda msikitini anasoma, akirudi anasoma. Asipoona herufi mpya ukutani, anajua HERUFI iko tupu. Na kama HERUFI iko tupu na wali uko mezani, hesabu hiyo hata mtoto wa madrasa anaitoa. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Mimi sikuficha hata maradhi, nilikuwa nimeyatundika barabarani.

Kwanza nikaona haya. Kisha, Mungu anisamehe, nikakasirika. Kwa nini asiseme? Kwa nini anikalishe pale kila jioni nikimwekea sahani, akinishukuru, akisukuma wali pembeni, kana kwamba hakuna kitu? Afadhali angeitupa ile sahani ukutani. Nimemkondesha baba yangu kwa wali wa sambaza, na yeye ameniacha nijidhanie binti mwema. Kisha nikakumbuka kwamba wakati huo huo alikuwa anazunguka gare na njaa yake kunitafutia kazi, na hasira ikakosa pa kushika.

Damasi alitaka iandikwe MAMA ALIKATAZA. Nikamuuliza alikataza nini. "Moto," akasema. "Tangu siku ya kwanza mpaka leo anakataza. Sasa na mimi nataka bantu bajue kwamba alisema."

Sikuwa nimeandika herufi mwezi mzima. K ikatoka imeinama. Herufi hazina huruma kama sura. Ukimkosea mtu pua kidogo, ndugu zake watasema ndivyo alivyokuwa siku za mwisho. K ikiinama imeinama, na kila atakayekuwa nyuma ya ile moto kwenye foleni ya darajani ataiona. Nilisikia sauti ya Papa ya zamani, nilipokuwa na miaka tisa: pumua kabla ya mguu wa herufi, usipumue ndani ya mguu. Nikapumua. Haikusaidia sana.

Baada ya Damasi wakaja wengine wawili. Mmoja alitaka jina la mwanawe, mwingine alitaka jina la timu yake ya mpira. Nilifanya kazi mpaka alasiri, mgongo unauma, na Papa Nsimire yuko pale ukutani chini ya kitambaa, hana macho. Nikiri na hili: kazi yenyewe ilinichosha. Sikufurahi. Kila herufi niliyomaliza niliona mkono wangu unataka kwenda kule kwenye kitambaa. Nilikuwa nafanya jambo jema kwa moyo wa mtu anayeosha vyombo vya jirani.

Walichonilipa nilikitia kwenye HERUFI, kikalia kitakoni mwa kopo. Kisha nikakitoa hicho hicho, maana hakikuwa cha kukaa. Nikanunua unga, maharage, kitunguu, mafuta kidogo. Sambaza zilinishinda bei, nikaziacha. Nikapika bugali.

Adhana ya magharibi ilipoanza Papa alikuwa hapa barazani na bakuli lake la maji. Akafuturu, akala ndizi, akaswali. Mimi nikapanga sahani mkekani. Nilikuwa nimetunga maneno mazuri ya kuomba radhi, nimeyarudia jikoni mara tatu nikikoroga. Nilipokaa mbele yake yote yakapotea. Nikasema tu, "Papa, hii ni ya herufi."

"Najua," akasema. "Nimekutana na Damasi pale kona. K yako imelewa."

Akanawa mikono taratibu. Kisha akasema Bismillahi kwa sauti, ile sauti yake nene, na ndipo nilipotambua kwamba wiki hizi zote sikuwa nimeisikia. Mbele ya sahani yangu alikuwa anasema moyoni, au hakusema. Sijui lipi ni zito zaidi.

Akala. Jamani, alikula. Alikata tonge baada ya tonge, mchuzi unamchuruzika kidoleni, kichwa hakiinui. Nami nilikuwa namtazama mikono ilivyokonda, na mishipa, na nikawa sijui niangalie wapi. Kisha akanisukumia sahani.

"Ongeza."

Nikaongeza. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

Akatafuna kwanza, akameza. "Ningekuambia, ungenidanganya mara ya pili. Moja inatosha."

Nikainamisha kichwa.  Kisha akasema, bila kunitazama, kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya chumvi, "Na yule kinyozi wako, biashara yake inaendeleaje?"

Niliinua macho. Uso wake ulikuwa umetulia kabisa, midomo imefungwa, mzee wa heshima mbele ya sahani yake. Lakini macho nyuma ya ile miwani ya sura yalikuwa yanataka kucheka na anayakataza. Kope zimeshuka kidogo, kijikunjo kimoja pembeni, na mwanga umejificha chini, si juu.

Nilicheka mimi. Nikacheka mpaka nikalia, kisha nikalia bila kucheka, na yeye akaendelea kula, akaniacha nimalize.

Alipochukua mwavuli kwenda msikitini kungojea isha, alisimama pale mlangoni akipapasa viatu. Akasema, "Yule mtu wa Bukavu usimwache kipofu. Mke wake anakuja kesho." Nikashtuka. Sikuwahi kumwonyesha ile sura. Sura zangu huzifunika, na yeye miaka minane hajauliza hata moja ni ya nani. Kumbe huwa anainua kitambaa. Nikataka kumuuliza tangu lini, lakini alikuwa ameshafungua mwavuli.

"Ila kopo ni lile lile," akasema, akashuka ngazi.

Basi niko hapa. Nimekifunua kitambaa. Mashavu ya Papa Nsimire yananisubiri, na kovu lake, na suti ambayo pengine hakuwahi kuwa nayo.

Mtu anayetaka kucheka kanisani. Niliyatafuta macho hayo mara nne nikayakosa, na leo yameketi mbele yangu juu ya sahani ya bugali. Nayajua sasa. Najua hata kope zishuke kiasi gani. Naweza kuyaweka kabla Papa hajarudi.

Ila ni ya Papa. Ni macho ya mtu aliyechora Kamembe nzima kwa kisogo ili asichore jicho hata moja. Nitayatia kwenye uso wa mtu mwingine, Maman Nsimire atalia na kusema ndiye huyu, atavuka nayo daraja, na Jumapili watu wa Bukavu watayapigia magoti wakiimba. Malipo yataingia kwenye SURA. Nitanunua nini nayo? Sabuni? Nitamfulia Papa kanzu kwa macho yake mwenyewe?

Na nikiyaacha, mjane atapewa mume mlevi au mume anayelia, siku anayovua nguo nyeusi. Na Papa mwenyewe ndiye amesema nisimwache kipofu. Alijua anachosema? Au alikuwa anaagiza tu kazi ya watu imalizwe kwa wakati, kama fundi yeyote angeagiza?

Sielewi hata hili la kula. Wenye moto watatu leo. Kesho wangapi? Wakiisha wenye moto wa Kamembe, tutakula amateke? Kuna mtu wa ile mashine ya gare aliwahi kuniambia nikakae kwenye kompyuta yake, nipange herufi kwa kidole. Herufi hizo zingekuwa za kopo gani? Nikimuuliza Papa atazitafakari wiki nzima, kama makaa, na mimi wiki hiyo nitakuwa naomba Mungu asizikubali, na pia naomba azikubali.

Mwadhini ameanza kukohoa kwenye kipaza sauti. Kesho ni Ijumaa. Maman Nsimire atavuka, mvua inyeshe isinyeshe, ana nyanya zake na ana haraka zake.

Rangi ya kahawia nimeshaichanganya, na kidogo cha nyeusi. Brashi nyembamba iko tayari. Papa, ulipoinua kitambaa, ukayaona yale matundu mawili meupe, ulijua yatajazwa na nini?